Upande wa Pili wa Santuri

Siku baba alipochomoa waya wa kinanda kwenye harusi ya binamu yangu, nilitamani ardhi inimeze. Kisha nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyemleta na mimi ndiye ningemrudisha nyumbani, kwa hiyo nikabaki nimesimama juu ya ardhi hiyo hiyo na kuanza kuomba msamaha meza baada ya meza.

Ilikuwa Bungoma, katika uwanja wa shule, chini ya maturubai ya kukodi. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, bendi za harusi zilikuwa zimekonda hadi zikabaki mtu mmoja. Mtu huyo alikuja na kinanda cha umeme, spika mbili na miwani ya jua. Akitaka gita, alibonyeza. Akitaka ngoma, alibonyeza. Wakati wa kukata keki alibonyeza kitufe kingine, zikatoka tarumbeta na saksafoni ambazo hakuna mdomo wa mtu uliozigusa. Baba akainuka, akafunga kifungo cha koti, akapita katikati ya meza taratibu kama mtu anayekwenda kujisaidia. Alipofika kwenye dirisha la darasa ambako waya ulikuwa umepitishwa, akaingiza mkono, akauchomoa.

Bibi harusi alibaki na kisu juu ya keki. Mwendesha sherehe akauliza kama stima imepotea. Baba akajibu, kwa sauti iliyofika hadi kwa wapishi, kwamba stima haijapotea, ni yeye amezima, na kwamba sanduku lile halina saksafoni hata moja.

Lilikuwa nazo. Zilikuwa mbaya, zilisikika kama mbuzi aliyefungiwa kwenye pipa, lakini zilikuwa saksafoni, na zilikuwa juu kuliko kila kitu kingine. Mimi niliyekaa meza ya nyuma nilizisikia. Baba, aliyepuliza saksafoni kwa miaka kumi na mmoja ya ujana wake, alikuwa amekaa mbele ya spika na hakuzisikia.

Nilifanya kazi katika masijala ya ofisi moja ya serikali mjini Bungoma, na kazi ya masijala humfanya mtu asivumilie jambo lisilo na faili. Wiki iliyofuata nikamtoa baba nyumbani kwake nje kidogo ya mji wa Kitale na kumpeleka kwa daktari wa masikio. Alivikwa visikizi, akapewa kitufe cha kubonyeza kila aliposikia mlio. Alikaa pale amenyooka kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Akabonyeza mara chache mwanzoni, halafu kidole kikatulia. Alidhani mlio haujaanza. Mimi nilikuwa naona taa ya mashine ikiwaka na kuzima, ikiwaka na kuzima.

Daktari alieleza polepole. Sauti za juu zilikuwa zimeshakwenda. Zile za chini zingefuata, pengine baada ya miezi, pengine mwaka na kitu. Kifaa cha kuvaa sikioni kingemsaidia kushika maneno ya watu, lakini muziki ungekuwa kama redio iliyotoka kwenye steshini. Nilirudia yote hayo karibu na sikio lake la kulia, lililokuwa na nafuu. Tulitoka, tukakaa kwenye benchi la nje. Hapo akasema, kana kwamba ananituma chumvi dukani, "Basi, mama, nitafutie upande wa pili."

Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Nami sikuhitaji kuuliza ni upande wa pili wa nini.

Kabla sijazaliwa, na kwa miaka michache baadaye, baba alikuwa mmoja wa watu kumi na watatu waliopiga muziki katika hoteli moja mjini Kitale. Kulikuwa na gita tatu, mpiga dramu, mpiga tumba, waimbaji wawili, na wapulizaji sita: tarumbeta mbili, tromboni moja, saksafoni tatu. Walivaa makoti ya rangi ya zambarau yaliyoshonwa na fundi mmoja kwa kipimo kimoja, kwa hiyo wanene waliteseka. Wakulima walikuja kutoka mashambani baada ya mavuno, matope yakiwa bado kwenye magurudumu, wakacheza na wake zao waliovaa viatu ambavyo vingeharibika kabla ya kufika nyumbani.

Watu huniuliza bendi kubwa ilikuwa na nini ambacho kinanda hakina. Jibu langu ni moja. Katika sehemu zetu majirani watatu hawawezi kukubaliana ua upite wapi. Sasa wewe unasimama mbele ya watu kumi na watatu, na wote kwa pamoja wanaanza, na wapulizaji sita wanavuta pumzi dakika ile ile, na hewa yote inakupiga kifuani. Hata asiyejua muziki anajua kwamba watu hao wamekubaliana. Ndiyo maana mpaka leo ukipiga nyimbo zile hotelini, watu wazima wanaacha nyama ikipoa.

Bendi ya baba ilikwenda Nairobi mara moja, ikarekodi santuri moja. Wimbo wao ulikuwa mrefu, na santuri ndogo za siku zile hazikuweza kubeba zaidi ya dakika tatu na kitu kila upande. Kwa hiyo wimbo ulikatwa mara mbili, kama ilivyokuwa desturi. Upande wa kwanza ulikuwa na maneno: mwanamume anamsihi mkewe arudi kutoka kwa wazazi wake. Akishamaliza kusihi, sauti inafifia, unainuka, unageuza santuri. Upande wa pili ndiko walikokaa wapulizaji. Hakukuwa na maneno huko. Kulikuwa na gita zinazozunguka, vyombo vya shaba vinavyoingia kimoja baada ya kingine, na katikati yake saksafoni moja iliyotoka mbele na kupiga peke yake. Baba alisema saksafoni hiyo ilikuwa yake.

Nilianzia Kitale, kwa bwana mmoja aliyekuwa na duka la kunakili kaseti karibu na soko. Kwa zaidi ya miaka ishirini, muziki wote uliopigwa katika magari, mabaa na sebule za Trans Nzoia ulikuwa umepitia mikononi mwake, na sasa alikuwa ameanza kutengeneza CD. Nilipoutaja wimbo alifurahi sana.

"Siste, hiyo tuko nayo. Nani hana?"

Akaweka. Mwanamume akasihi. Katikati ya kusihi ikaingia sauti ya mwenye duka mwenyewe, aliyekuwa ameirekodi juu ya muziki ili watu wasimwibie, ikitukaribisha mjini Kitale kwa huduma bora. Mwanamume akaendelea kusihi. Kisha wimbo ukafifia na wimbo mwingine ukaanza.

Nikamwuliza upande wa pili uko wapi. Akaniangalia kama niliyeuliza nyuma ya ukuta kuna nini. Alinieleza, kwa subira ya mtaalamu, kwamba kaseti ina nafasi ndogo na mteja huhesabu nyimbo. Ukimpa nyimbo kumi na nane anaona umemjali. Ukimpa kumi, hata zikiwa kamili, anaona umemdanganya. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza alinakili upande wa kwanza tu, santuri zote, wanamuziki wote.

"Huko nyuma ni vyombo tu," alisema. "Watu wanataka maneno."

Nilisimama pale nikipiga hesabu. Mtu huyu mmoja, bila kumchukia yeyote, alikuwa amefuta wapulizaji wote wa wilaya nzima. Ndipo nikaelewa jambo nililoliona mara nyingi katika hoteli za Bungoma na Kitale bila kulitia akilini. Wimbo ule ukipigwa, watu huinuka na kucheza, na unapofifia wao hubaki kidogo katikati ya sakafu, miguu ikiwa tayari kwa kitu ambacho hakiji. Kisha wanacheka na kurudi kwenye viti. Wenye umri wa baba tu ndio walioelewa miguu ilikuwa ikingoja nini.

Na santuri yenyewe? Alikuwa nayo. Alinyoosha kidole ukutani. Alikuwa amezitundika santuri zake zote kwenye ukuta wa mbele, kila moja kwenye msumari wake kupitia lile tundu la katikati, kuwa pambo la duka. Ukuta huo ulipigwa na jua kuanzia saa nne asubuhi. Ya baba ilikuwa safu ya tatu, na ilikuwa imejikunja ukingoni kama chapati iliyosahaulika kwenye kikaango. Tuliiweka kwenye mashine yake. Sindano ikapanda mlima, ikashuka, ikarukia hewani, ikatua kwenye karatasi ya katikati.

"Lakini inapendeza bado," alisema, akaitundika tena.

Niliondoka nikiwa na hasira ambayo sikujua nimpelekee nani. Alinikimbilia mlangoni kuniambia jambo moja la maana. Mjane wa kiongozi wa bendi alikuwa hai, anaishi Kiminini, na mumewe hakuwa mtu wa kutupa kitu.

Kabla ya kwenda Kiminini nilipitia Kanduyi. Huko aliishi mtu mwingine pekee aliyebaki kati ya wale kumi na watatu. Naye alikuwa mpiga saksafoni. Yeye na baba walitahiriwa msimu mmoja, waliitana rika maisha yao yote, walikaa bega kwa bega jukwaani, na walikuwa hawajasemezana sawasawa tangu bendi ivunjike. Kisa chao nilikijua kutoka upande wa baba. Nilitaka kukisikia upande wake na kukiandika, maana nilishachoka kubeba nusu ya habari.

Alikuwa mzee wa kanisa sasa, msafi, mwenye sauti ya kusoma matangazo. Alinipa chai, akanipa maelezo. Studio ilikuwa na maikrofoni moja ya wapulizaji, na aliyetakiwa kupiga peke yake alisogea hatua mbili mbele. Bendi ilikuwa na nafasi ya kurekodi mara moja tu, kwa sababu watu wengine walikuwa wakingoja mlangoni. Gita zikazunguka, na mmoja wa wapiga saksafoni akaingia kabla ya wakati. Hakuna aliyesimamisha. Wote wakamfuata palepale alipoingia, wimbo mzima ukasogea, na ukabaki hivyo. Kosa hilo likachapwa na kuuzwa, na wachezaji wa Kitale wakajifunza kucheza kwa hesabu ya kosa, mpaka bendi nyingine zilizoiga wimbo zikashindwa kuwachezesha zilipopiga bila kosa.

Mpaka hapo maneno yake yalilingana na ya baba, neno kwa neno. Baada ya hapo yakaachana.

"Baba yako alikuwa na malaria siku hiyo," alisema. "Ndiye aliingia mapema. Mimi ndio nikatoka mbele, nikaokoa wimbo."

Baba naye alidai kwamba malaria ilikuwa ya mwenzake, mapema ilikuwa ya mwenzake, na kuokoa kulikuwa kwake. Miaka thelathini! Wazee wawili wenye wajukuu, kila mmoja amegawa dakika moja ya muziki vipande viwili, akachukua kipande kizuri na kumpa mwenzake kibaya. Na kwa kuwa hakuna aliyesikia upande wa pili tangu kaseti zilipoingia, hakuna aliyeweza kuwakatalia. Nilimwambia kwamba baba masikio yanakwisha. Alizungusha kikombe mkononi. Kisha akauliza kama ni masikio yote mawili.

Mjane wa Kiminini alinipokea kwa heshima, na alipojua nimefuata nini, akaniambia santuri haitoki. Iliazimwa mara moja, ikarudi baada ya miaka tisa. Mashine yake ya kupigia ipo na inafanya kazi. Kila Jumamosi huifuta vumbi, ingawa hajaipiga tangu mumewe afariki. Sindano huifunga kwa pamba ndani ya chupa ya dawa. Mwenye kutaka kusikia aje asikie hapa. Nikasema vizuri, nitamleta baba.

"Hapana, mwanangu. Mume wangu alisema wakija waje wote wawili. Yule wa Kanduyi alishakuja peke yake, nikamrudisha."

Nikamwuliza kama mumewe aliwahi kumwambia ni nani aliyepiga. Akasema hilo aliwahi kumwuliza, na mumewe alicheka tu, akasema wenyewe wanajua.

Kuwakutanisha kulinichukua wiki tano. Baba alikubali, kisha akakataa, kisha akakubali kwa sharti kwamba asikalishwe kiti kimoja na mwongo. Yule mwenzake alikuwa na kikao cha kanisa, halafu mazishi, halafu kikao tena. Na kila nilipokwenda Kitale, ilinibidi kupaza sauti zaidi kuliko nilipokwenda mara ya mwisho. Mwanzo wa wiki hizo baba alisikia mlango ukigongwa. Mwisho wake nililazimika kuingia na kumgusa bega.

Tulikutana Kiminini Jumamosi moja alasiri. Baba alivaa suti ileile ya harusi. Mwenzake alikuja na kitabu cha nyimbo za kanisa kwapani, ili, kama alivyonieleza kwa sauti ya chini, akiulizwa na muumini yeyote njiani, jibu liwe tayari. Walisalimiana kwa kushikana mikono bila kutazamana. Mimi nilikuwa nimekuja na redio yangu ndogo ya kaseti yenye kitufe cha kurekodi, pamoja na betri mpya, daftari na kalamu. Nikaiweka mezani, juu ya kitambaa cha kufuma, mbali na vikombe. Nilikuwa nimejipanga. Upande wa pili ungetoka katika nyumba ile hata kama santuri haitoki.

Mjane alisafisha santuri kwa kitambaa, akaweka upande wa kwanza. Mwanamume akasihi, safari hii bila mwenye duka wa Kitale kumkatiza. Baba alikuwa amesogeza kiti hadi sikio la kulia likagusa spika. Besi ilipogonga, aliitikia kwa kichwa, na nikaanza kupumua. Sauti ikafifia. Mjane akageuza santuri. Nikabonyeza kitufe changu.

Gita zikazunguka. Kisha zikaingia tarumbeta, kisha tromboni, na chumba kile kidogo kikajaa. Nilikuwa sijawahi kusikia kitu hicho maishani mwangu, na nywele za mikono yangu zilisimama. Nikamtazama baba. Alikuwa akingoja, kama kule hospitalini.

"Imeanza?" akauliza kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya mto.

Nikamwonyesha kwa mkono kwamba imeanza.

"Saksafoni imeingia?"

Kulikuwa na saksafoni, kulikuwa na mambo mengi, na mimi ni mtu wa mafaili. Nilipoinua mikono kumwambia sijui, wimbo ulikuwa umeshapita huko anakouliza. Ulipokwisha, alitoa sikio kwenye spika, akakaa vizuri.

"Nasikia besi tu," akasema. Safari hii hakupaza sauti.

Mjane alitazama sakafu. Mimi nilikasirika, nakiri, na nilimkasirikia kila mtu: mwenye duka na msumari wake, wazee hawa na kiburi chao, wiki tano za vikao na mazishi. Wangekubali mwezi mmoja mapema, pengine angesikia. Nilikuwa karibu kuyasema hayo pale pale. Sikupata nafasi, kwa sababu mzee wa Kanduyi aliweka kitabu chake cha nyimbo juu ya meza, akaburuta kiti chake mpaka magoti yake yakagusana na ya baba, akamwambia mjane, "Weka tena."

Kaseti yangu ilikuwa na maswali ya baba juu ya wimbo, kwa hiyo nikairudisha nyuma, nikabonyeza kurekodi upya juu yake.

Akaweka kiganja juu ya goti la baba, akaanza kulipiga polepole kwa kufuata ngoma. Akainama hadi kwenye sikio la kulia.

"Hizo ni gita," akapaza sauti. "Bado gita. Sasa tarumbeta. Tromboni hiyo, yule mnene wetu. Ngoja. Ngoja."

Kiganja kikagonga goti kwa nguvu, mahali ambapo hata mimi nilisikia kwamba si mahali pake.

"Hapo! Umeingia."

"Nimeingia?"

"Umeingia mapema, rika."

"Ni mimi?"

"Ati ni wewe? Ni nani mwingine angeingia mapema hivyo?" Alikuwa bado anapiga goti. "Sasa unapanda. Unapanda tena. Hujapumua bado. Hujapumua, mjinga wewe. Unashuka sasa, polepole. Ndiyo hiyo, unazunguka. Hapo umepumua."

Nilisikia kwa masikio yangu. Kati ya kosa na uzuri hakukuwa na nafasi hata ya kupitisha wembe. Saksafoni iliyoingia vibaya ndiyo hiyo hiyo iliyopanda, kwa pumzi ile ile, ikapiga peke yake mpaka nikasahau kushika kalamu. Alikuwa mtu mmoja. Aliyetaka sifa ilimlazimu achukue na kosa, na wote wawili walikuwa wamekataa bei hiyo kwa miaka thelathini.

"Na wewe ulikuwa wapi?" baba akauliza.

"Nyuma yako. Nakufuata. Sisi wote tulikufuata, bana, tungefanya nini?"

Baba alifikiri juu ya jibu hilo wakati gita zikimalizia. Kisha akauliza kwa nini alimsingizia malaria. Mwenzake akasema malaria baba alikuwa nayo kweli, alitetemeka ndani ya gari kutoka Kitale hadi Nakuru. Baba akasema hiyo ilikuwa baridi. Wakabishana kuhusu malaria na baridi mpaka mjane akaleta chai, na hapo wakabishana kuhusu nani alikuwa akimaliza sukari safarini. Walipotaka santuri irudiwe mara ya tatu, mjane aliposhusha mkono wa mashine, sindano ilikatika. Tulisikia ikikatika. Alikiokota kipande, akakifunga kwa pamba, akakirudisha ndani ya chupa kana kwamba kitapona. Sindano nyingine ya mashine ile niliitafuta Kitale, Bungoma na Webuye. Sikuipata.

Kwa hiyo kilichobaki ni kaseti yangu. Nilipofika Bungoma niliiweka, nikakaa kuisikiliza kwa makini. Redio yangu ndogo ilikuwa imefanya kazi yake kwa uaminifu kabisa. Ilichukua sauti iliyokuwa karibu na iliyokuwa kubwa. Gita ziko mbali, kama zinapigwa nyumba ya jirani. Shaba zinakuja na kupotea. Na juu ya kila kitu, kwa dakika tatu na kitu, kuna mzee wa kanisa anayepaza sauti kwamba umeingia mapema, rika, hujapumua, mjinga wewe. Saksafoni ya baba inasikika vizuri mahali pawili tu, pale mzee mwenyewe alipovuta pumzi.

Nilimpelekea mwenye duka wa Kitale, nikiwa na tumaini dogo kwamba mashine zake mpya zingeweza kuitenganisha sauti na muziki. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema hilo haliwezekani, ila kama nataka, anaweza kuweka sauti yake mwenyewe pale juu, iwafunike wazee. Nilimshukuru, nikachukua kaseti yangu.

Mwaka uliofuata baba hakusikia kitu tena, hata besi. Mzee wa Kanduyi alikuja Kitale mara mbili, kisha miguu yake ikakataa safari. Siku nilizokwenda nyumbani, baba alinionyesha kwa kidole mahali ilipo kaseti. Niliiweka, nikaburuta kiti, nikaweka kiganja juu ya goti lake, nikaanza kulipiga kwa kufuata ngoma. Nilikuwa nimejifunza wimbo wote kwa hesabu, nikauandika daftarini, mizunguko mingapi ya gita, mingapi ya tarumbeta. Siku ya kwanza nilipofanya hivyo nilihesabu sawasawa, na mzunguko ulipotimia, hapo hapo panapostahili kwa daftari langu, nikagonga goti kwa nguvu.

Alikunja uso, akausukuma mkono wangu.

"Umechelewa," akasema.